Nomino za Kiingereza: maswali mawili, si makundi manne

Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sasa uko kidato cha kwanza na karibu kila somo ni Kiingereza. Mapema tu utakutana na common, proper, concrete na abstract nouns. Katika kufundisha nimeona wengi wakikwama hapa kwa sababu moja: wanadhani kila nomino ina kundi lake moja kati ya hayo manne.

Sivyo. Kila nomino unaiuliza maswali mawili. Kwanza, ni jina la kitu kimoja mahususi au la aina nzima? "Kilimanjaro" ni proper, "mountain" ni common. Pili, milango ya fahamu inakifikia kitu hicho (concrete) au haikifikii (abstract)? Mlima unaonekana, hivyo yote mawili ni concrete. "Islam" ni proper na papo hapo ni abstract. "Honesty" ni common na abstract.

Swali la pili ndilo huwatesa watu. Usiseme kisichoonekana ni abstract. "Air" haionekani, lakini ikivuma unaisikia mwilini. "Thunder" inafika masikioni, "smell" puani. Zote ni concrete. Mikia kama -ness, -hood na -dom inasaidia sana: "kindness", "childhood", "freedom". Ila usiiachie ikuamulie, maana "witness" ni shahidi, mtu kabisa, na "neighbourhood" ni mtaa unaopita kila siku. Hata kwetu uhuru na upendo havishikiki, lakini ukuta na ufunguo vinashikika.

Proper noun huanza kwa herufi kubwa popote ilipo, siku na miezi ikiwemo. Mwanzoni mwa sentensi herufi kubwa si ushahidi, kwa hiyo lihamishie neno katikati ndipo uamue. "Turkey" ni nchi, "turkey" ni bata mzinga. Andika "my uncle", lakini "Uncle Juma", kwa sababu hapo cheo kimeungana na jina.

Na "the"? Haikuambii aina ya nomino. Tunasema "the Indian Ocean" na "the Nile", lakini "Lake Victoria" bila "the", na zote ni proper.

Leo jioni chukua aya moja ya kitabu chako cha Jiografia, pigia mstari nomino kumi, na mbele ya kila moja andika majibu mawili. Ukisita kwenye neno, liandike pembeni na umuulize mwalimu kesho.