Meneja anataka nikate likizo yangu niende kliniki

SWALI: Nina mimba ya wiki 14, ya kwanza. Nilitoka Mombasa mwaka jana, na nimeajiriwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Birmingham. Kliniki yangu ijayo imeangukia Jumanne, siku ya zamu. Meneja anasema nikate siku moja ya likizo ya mwaka au nifidie saa hizo Jumapili. Tena nimpe kwanza fomu ya MAT B1, ile ya kuthibitisha mimba na wiki ya kujifungua. Ana haki? Na mume wangu je, ataruhusiwa kunisindikiza?

JIBU: Hongera, dada. Hapana, hana haki hiyo. Kifungu cha 55 cha Sheria ya Haki za Ajira ya Uingereza ya mwaka 1996 kinampa mwajiriwa mjamzito ruhusa ya kwenda kliniki ndani ya saa za kazi, na kifungu cha 56 kinataka alipwe saa hizo kwa kiwango chake cha kawaida. Ukizifidia Jumapili, hapo hukupewa ruhusa, umebadilishiwa zamu tu. Haki yenyewe huanza siku ya kwanza ya ajira, na viza haiigusi. Wanaopelekwa kazini na wakala ndio hungoja hadi watimize wiki 12 mahali pamoja kwa kazi ileile.

La MAT B1 limenichekesha kidogo. Fomu hiyo haitolewi mpaka zibaki wiki 20 za kujifungua, kwa hiyo wewe wa wiki 14 utaitoa wapi? Anachoweza kudai ni barua ya mkunga au daktari inayothibitisha mimba, pamoja na kadi ya kliniki, na hata hivyo si kwa hudhurio la kwanza.

Asikuhesabie siku pia. Mimba ya kwanza NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya huko, hupanga mahudhurio kama 10, lakini sheria haikuweka kikomo. Muda wa safari na wa kukaa foleni unahesabiwa. Hata darasa la uzazi limo, mradi mkunga au daktari amekushauri uhudhurie.

Meneja naye ana pa kusimamia: sheria inamkataza kukunyima ruhusa bila sababu ya msingi, haimkatazi kuuliza kama kuna saa nyingine. Anayefanya kazi siku mbili kwa wiki anaweza kuulizwa kwa nini asiende siku zake za mapumziko. Kwa hiyo mpe taarifa mapema, usingoje asubuhi ya Jumanne.

Hukutaja zamu za usiku, ila kazi za wazee nazijua. Daktari au mkunga akiandika kwamba usiku unakudhuru, mwajiri akupangie kazi ya mchana inayokufaa, na kama haipo akupumzishe kwa mshahara kamili.

Mumeo anaruhusiwa mara 2, kila mara isizidi saa 6 na nusu, lakini mwajiri wake halazimiki kumlipa.

Sasa mwandikie meneja barua pepe, usiishie kwa maneno ya kwenye korido. Taja tarehe, saa ya kutoka na ya kurudi, na kifungu cha 55, kisha ambatisha kadi. Akikataa au akikukata mshahara, wapigie Acas, shirika la ushauri na usuluhishi wa migogoro ya kazi, mara moja, ni bure. Dai la kupeleka kwenye baraza la kazi, yaani mahakama ya migogoro ya ajira, lina muda wake wa mwisho, na siku zinaanza kuhesabiwa tangu Jumanne hiyohiyo.