Nta ya kikaushio inayeyuka upesi mno kwenye kompyuta

Ndugu yangu wa Mikindani, unasema unapoiga kikaushio chako cha samaki kwenye kompyuta, nta yake ya kuhifadhi joto la usiku inayeyuka yote papo hapo, joto linapita nyuzi 55 bila kusita. Anza na vipimo. Joto fiche la nta ya parafini, yaani joto inalomeza ikiyeyuka bila nyuzi kupanda, ni takriban kilojuli 200 kwa kilo, na programu nyingi zinataka juli: andika 200000. Ukiandika 200, nta haihifadhi kitu, na samaki wako watakosa joto usiku.

Halafu usiipe nyuzi moja ya kuyeyukia. Weka 53 hadi 57, upunguze na hatua ya muda (kipande cha muda ambacho kompyuta hukokotoa kwa mara moja), la sivyo hesabu inaruka kipindi chote cha kuyeyuka.

Ikiyeyuka sawasawa juu na chini, washa nguvu ya mvutano wa dunia kwenye programu. Nta ya moto iliyoyeyuka hupanda, na bila mvutano huo kompyuta haioneshi hilo. Nitumie picha ya matokeo, tafadhali.