Namba ya rangi ni mwanzo tu

Pole kwa bampa uliyopakisha rangi upya ikatoka kijivu wakati gari lako ni la rangi ya fedha. Usinunue rangi kwa kuangalia kwa macho wala kwa jina. "Fedha" ziko nyingi mno. Tafuta namba ya rangi. Fungua mlango wa dereva, uangalie nguzo ya mlango, au inua boneti usome kile kibati. Kwa Toyota nyingi, tafuta palipoandikwa C/TR: ukikuta 1F7/FB13, rangi ni 1F7, hiyo ya pili ni ya ndani.

Sasa, namba hiyo inakupa rangi ya gari likiwa jipya. Jua limeshakula bodi yako, na hata kiwandani namba moja hutoka na tofauti ndogo ndogo. Kwa hiyo mchanganyaji apewe kitu cha kulinganisha. Kile kimlango cha nje cha tangi la mafuta, chenye rangi ya bodi, kinabanduka kirahisi. Kipigwe polishi kwanza.

Kisha mwambie fundi apulize kwenye kipande cha bati, aweke na klia (ile rangi ya juu isiyo na rangi, ya kung'arisha), kikauke. Rangi mbichi hudanganya. Kiegemeze kwenye fenda (bodi ya juu ya tairi, inayopakana na bampa), nje juani, ukiangalie kwa mbele halafu kwa ubavu: metaliki, yaani rangi yenye chembe za kumetameta kama fedha, inaweza kufanana kwa mbele, kwa ubavu ikaonekana imekolea zaidi.

Na bado, kwa fedha, mimi ningemtaka aififishe rangi kidogo kidogo kuingia kwenye fenda ili tofauti isionekane, halafu klia ipite fenda nzima. Fundi akikwambia haina haja, tafuta mwingine.