Probu ya ultrasaundi na otoklevu

SWALI: Tumeletewa probu mpya ya ultrasaundi, kile kichwa kinachopitishwa juu ya mwili, hapa hospitali ya wilaya. Fundi ametuonya tusithubutu kuiweka kwenye otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, kwa sababu ina fuwele. Mikasi inaingia humo kila siku. Kwani hiyo fuwele inayeyuka? Na ikiwa mtu ameshaiingiza, tutajuaje? – Nesi, Iringa

JIBU: Haiyeyuki, sista. Hata rangi haibadiliki, na ubaya uko hapo hapo.

Fuwele za probu za bei ya juu siku hizi huwa na risasi, magnesi, niobi, titani na oksijeni. Chora mchemraba: risasi kwenye kila pembe, oksijeni katikati ya kila uso, na moyoni atomu moja ya magnesi, niobi au titani. Hizi za moyoni hazina chaji sawa, tena zimechanganyika ovyo. Kwa hiyo ndani kuna vijieneo vya nanomita chache, kila kimoja kinavuta umeme upande wake, kama mbuzi mnadani.

Bariamu titanati, ndugu yao wa zamani, ina adabu: ikipoa hadi nyuzi 120 hivi, mchemraba unarefuka upande mmoja, basi. Fuwele ya magnesi na niobi bila titani, ambayo akina Smolenskii wa Leningrad walianza kuichunguza miaka ya 1950, haina mpaka wa namna hiyo. Vijieneo huanza kujitokeza ikipoa kupita nyuzi 350 hivi, lakini ukiipiga eksirei bado unaona mchemraba. Napenda sana ukaidi huu.

Ongeza titani hadi karibu theluthi, fuwele inasimama mpakani mwa miundo miwili. Volti kidogo tu inageuza mwelekeo wa umeme wake, nayo inatanuka; kutanuka huko ndiko kunakotoa sauti ya probu. Mwaka 1997 Park na Shrout wa Pennsylvania walionyesha fuwele za jamii hii zikitanuka zaidi ya asilimia 1. Seramiki za kawaida hazikaribii hapo.

Ila joto nalo huisukuma kirahisi vilevile. Kati ya nyuzi 60 na 95 hivi, kutegemea kiasi cha titani, muundo mmoja unageuka mwingine. Kwenye 130 hadi 150 mpangilio wa umeme unapotea. Otoklevu yenu ni 121 au 134. Mpangilio ule uliwekwa kiwandani kwa volti kali, hivyo ukishavurugika, kuipoza tu hakuurudishi. (Gundi na mpira wa mbele navyo havipendi mvuke.) Futeni jeli, kisha tumieni dawa aliyoitaja mtengenezaji.

Kuipima: washeni mashine probu ikiwa hewani, bila jeli. Nzima huonyesha mistari angavu iliyo sambamba na uso wake, toka upande hadi upande. Michirizi myeusi ikishuka, kuna vipande vilivyokufa. Mistari yote ikiwa hafifu, linganisheni na picha ya siku probu ilipofika. Kama hamkuipiga picha hiyo, na probu bado ni salama, ipigeni na kuihifadhi leo kabla ya zamu ya usiku.