Barua kwa Kulwa

Mwanangu Kulwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara nyingi. Umeniuliza: "Baba, mimi na Doto tumezaliwa siku moja, tumekula sufuria moja. Kwa nini mimi nina kilo 121 na yeye 62? Nimekosea wapi?"

Hukukosea. Naanza na hilo kwa sababu mimi ndiye niliyekuaminisha kinyume chake, tena nikiwa mwalimu wa baiolojia.

Wewe na Doto ni pacha wa mayai mawili. Sufuria mlichangia yote, lakini vinasaba mnachangia kama nusu tu, sawa na ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Pacha wa yai moja ndio ambao uzito wao hukaribiana sana, hata wakilelewa nyumba mbalimbali. Mwaka 1986 daktari wa Marekani, Albert Stunkard, na wenzake walichapisha habari za watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Unene wao ulifuata wazazi waliowazaa, si waliowapikia.

Vinasaba vingi vya uzito hufanya kazi ubongoni, kwenye sehemu inayotawala njaa na shibe. Kimoja kinaitwa FTO, kilichojulikana mwaka 2007. Aliyerithi namna yake ya kunenepesha kwa baba na kwa mama pia, kwa wastani humzidi asiye nayo kwa kilo 3 hivi. Hizo ni sato wachache tu pale sokoni Kirumba. Lakini tofauti kama hizo zipo mamia, kila mtu amechotewa fungu lake, na waliochotewa nyingi kwa pamoja ndio walio kwenye hatari kubwa ya unene uliokithiri. Doto alipoambiwa na tumbo lake "basi", lako huenda lilikuwa bado linadai.

Wapo pia wachache ambao kinasaba kimoja tu kimeharibika. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za mtoto wa miaka 8 mwenye kilo 86. Mwili wake haukutengeneza leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo. Njaa yake haikuisha. Wagonjwa wa aina hiyo walipodungwa leptini, njaa ilitulia na kilo zikashuka. Wewe huna ugonjwa huo, ni nadra mno, na dalili zake huanza utotoni kabisa. Ila nilipoisoma habari hiyo niliweka gazeti chini, nikakumbuka neno "mlafi" lilivyokuwa likitoka kinywani mwangu.

Tena angalia ukoo wetu. Bibi yako alilima mihogo Ukerewe na kushuka mwaloni, ufukoni mwa ziwa, kwa miguu kila siku, alikufa mwembamba. Shangazi yako, mtoto wake wa kumzaa, alihamia Igoma, akafungua duka, na kila mwaka akawa anashona magauni mapya, mapana zaidi. Damu ni ileile. Kilichobadilika ni kiti cha dukani, daladala, soda na chapati za asubuhi. Kwa hiyo kutembea na kuacha soda vitakusaidia presha na sukari hata kilo zikishuka polepole. Na daktari akikuandikia dawa au akikushauri upasuaji, msikilize bila aibu. Ni matibabu kama mengine.

Mwanao naye apimwe uzito na urefu kila anapokwenda kliniki. Nakuomba sana, asiitwe jina lolote mezani.

Unaikumbuka siku ya kipaimara chenu? Nilichukua kipande cha sangara kwenye sahani yako nikakiweka kwa Doto, wageni wakitazama, nikasema umwachie mwenzako. Ulikuwa na miaka 14. Hukulia, ulinawa mikono ukaondoka. Desemba mkija wote wawili nitakuomba radhi mbele ya Doto, kwa kuwa nilikuaibisha mbele yake.

Baba yako,
Nyakato, Mwanza