Kabla ya kuunda ekstruda, anza na skrubu

Mafundi wanaotaka kuunda ekstruda, yaani mashine ya kuyeyusha plastiki chakavu na kuisukuma itoke na umbo kama la bomba, huniuliza kwanza mota iwe ya nguvu gani na hita ziwe ngapi. Mimi huwaomba waanze na skrubu, ule mhimili wenye nyuzi unaozunguka ndani ya silinda na kusukuma plastiki mbele. Mashine ikishashika mwendo, sehemu kubwa ya joto hutokana na plastiki yenyewe inavyosuguana na kukandwa, si hita.

Kwa HDPE, ile ya madumu, anza na skrubu yenye urefu wa mara 24 hadi 30 ya kipenyo chake, na mfereji ulio kati ya nyuzi zake, chini ya hopa (mdomo wa kuingizia plastiki), uwe na kina cha karibu mara 3 ya ule wa mwisho. Huo wa mwisho upigie hesabu kwa makini. Ukiuongeza kina mara 2, uwezo wake wa kusukuma huongezeka mara 2, lakini kwa shinikizo lilelile plastiki inayorudishwa nyuma huongezeka mara 8. Kwa dai (tundu la mbele linaloipa plastiki umbo) nyembamba, mfereji wenye kina kirefu utakuangusha.

Halafu lipo jaribio ninalolipenda sana. Bruce Maddock wa kampuni ya Union Carbide alilieleza mwaka 1959, na mwaka 1966 Zehev Tadmor akajenga juu yake modeli ya uyeyukaji inayotumika hadi leo. Changanya punje chache za rangi kwenye plastiki, simamisha skrubu ghafla, poza silinda, kisha ipashe kidogo tu ili skrubu ichomoke. Bandua ule utepe wa plastiki uliobaki kwenye mfereji wa skrubu, ukate vipande toka nyuma hadi mbele. Sisi tuliona wazi: upande wa ukuta wa uzi unaosukuma plastiki, michirizi ya rangi iliyoyeyuka; upande wa pili, vipande vya madumu bado vizima, vimeshikamana. Vilikuwa vimefika karibu na dai, ndiyo maana mabomba tuliyokuwa tukitengeneza yalikuwa na vinundu. Tulipunguza mwendo wa skrubu, vinundu vikaisha.

Na bomba likitoka mara nene mara jembamba, usikimbilie kuongeza joto. Kagua kwanza shingo ya hopa. Ikiwa imepata moto, plastiki inanata kwenye skrubu na kuzunguka nayo badala ya kwenda mbele. Pitisha maji ya kupoza hapo, tena uyaweke tangu siku ya kuchora mashine, maana kutoboa njia zake baadaye ni kazi ngumu.