Nimelipa mara moja, kwa nini ada mara nne?

SWALI: Nilinunua tiketi nne za tamasha kwa simu, yangu na za wanangu watatu. Bango lilisema faranga 10,000 kwa tiketi. Mwishoni nikaambiwa nilipe 46,000, yaani "ada ya huduma" ya 1,500 kwa kila tiketi. Pesa nimetuma mara moja tu. Hiyo 6,000 ni ya kazi gani, na ni haki? (Mama wa Katuba, Lubumbashi)

JIBU: Mama, umeuliza penyewe. Mimi ni mhasibu, ninafunga hesabu za waandaaji wa matamasha hapa Lubumbashi, na mstari wa "ada ya huduma" ndio ninaouchambua kwanza, kwa sababu humo hutiwa vitu visivyofanana.

Kuna gharama inayofuata pesa. Ukilipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, muuzaji hukatwa asilimia ya jumla. Kuna inayofuata tiketi, yaani meseji na msimbo unaosomwa mlangoni, na hiyo ni ndogo sana. Kisha kuna inayofuata tamasha zima: vijana wa mlangoni, simu zao, mtu wa kupokea malalamiko. Hii ya tatu mwandaaji angeilipa hata kama ungekuja na tiketi ya karatasi, kama anavyolipia jukwaa na mafuta ya jenereta. Mahali pake ni ndani ya bei ya tiketi.

Sehemu ya nne mnunuzi haioni kabisa: kipande cha ada kinachorudi kwa mwandaaji au mwenye ukumbi. Si jambo la kwetu tu. Huko Marekani na Ulaya mikataba ya namna hiyo ni ya kawaida. Niliwahi kuketi na mwandaaji mmoja aliyetaka bango liseme 10,000 huku bajeti yake ikihitaji 11,000, tofauti aifidie kwenye ada. Nilimwambia aandike 11,000. Hakupenda, na mimi sikuandaa hesabu ile.

Kinachoniuma zaidi ni ada kuwa ileile kwa wote. Kwenye tiketi yako 1,500 ni asilimia 15. Kwa anayekaa mbele kwa 50,000 ni asilimia 3. Anayesimama nyuma na watoto ndiye anayebeba mzigo.

Kwa hiyo ada yenyewe si wizi, kazi ipo. Lakini kuitoza mara nne kwa malipo ya mara moja sioni haki yake, na kuificha hadi mwisho ni vibaya zaidi. Umeshachagua siku, umeandika majina, watoto wamekuegemea begani wakitazama skrini, ndipo 46,000 inatokea. Nani atawaambia hatuendi tena? Marekani, tangu tarehe 12 Mei 2025, muuza tiketi analazimika kuonyesha bei kamili tangu mwanzo. Ada haikukatazwa, kuificha ndiko kulikokatazwa. Miaka miwili kabla, Machi 2023, mashabiki wa bendi ya The Cure walionyesha ada zilizozidi bei ya tiketi ya dola 20. Mwimbaji wao Robert Smith akalalamika hadharani, na Ticketmaster, kampuni iliyouza tiketi hizo, ikarudisha dola 10 kwa tiketi za bei ya chini na dola 5 kwa nyingine. Walianza kama wewe, kwa kujumlisha.

Safari nyingine, kabla ya kuweka namba ya siri, uliza jumla ni ngapi na kama mlangoni zinauzwa bila ada. Bei ikiwa kwa dola, uliza pia wanabadilisha kwa kiwango gani, maana hapo hujificha ada ya pili. Na meseji ya malipo usiifute. Tamasha likivunjwa wanaweza kukurudishia 40,000 na kukuambia ada hairudi. Waonyeshe meseji, na udai 46,000.